Usizidishe kila kitu kwa idadi ya watoto: kupanga oda ya viti, meza na vifaa vya kuchezea vya chekechea

Mwaka wa kwanza nilipofungua chekechea hapa Morogoro, hesabu yangu ya oda ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Watoto 40, basi viti 40, vikombe 40, midoli 40, mipira 40. Viti vyote fundi alivitengeneza kwa urefu mmoja, na mimi sikumwambia vinginevyo. Januari ilipofika, wa miaka mitatu wakakaa miguu ikining'inia, wa miaka mitano magoti yakigonga meza. Mipira, kufikia Pasaka, ilibaki tisa. Nusu ya midoli haikutoka stoo mwaka mzima. Na vipande vya mbao vya kujengea, ambavyo viligombaniwa kila siku hadi machozi, nilikuwa nimenunua ndoo moja tu.

Kosa halikuwa kukosa hela. Nilichukua namba moja nikaizidishia kila kitu. Vitu vya chekechea vina tabia tatu. Kuna vya kila mtoto: kiti, kikombe, bakuli, ndoana ya kutundikia begi. Kuna vya kona za kuchezea, ambavyo idadi yake inafuata watoto wangapi wanacheza hapo kwa wakati mmoja, si wangapi wamesajiliwa. Na kuna vya shule nzima, kama bembea na mserereko. Kabla ya kuandika namba yoyote, pitia orodha yako na uweke alama mbele ya kila kitu: M kwa mtoto, K kwa kona, S kwa shule. Kazi ya nusu saa tu, lakini ndiyo itakayookoa hela nyingi kuliko kupatana bei Kariakoo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: shule yenye madarasa matatu, wadogo (miaka 3), wa kati (4) na wakubwa (5).

Hatua ya 1: Hesabu watakaokaa, si waliochukua fomu

Oda inapangwa Oktoba, watoto wanakuja Januari. Kwa hiyo unahesabu watoto ambao bado hujawaona. Anza na ulio nao. Shule yetu ya mfano Oktoba ina wadogo 16, wa kati 22 na wakubwa 20. Wakubwa wote wanakwenda darasa la kwanza, wanatoka kwenye hesabu. Wa kati 22 wanapanda; kila mwaka wawili hivi huhama na wazazi wao, weka 20. Wadogo 16 wanapanda, anaondoka mmoja, wanaingia wapya kama watano, weka 20.

Wadogo wapya ndio kitendawili. Fomu zimechukuliwa 26. Fungua daftari la mwaka jana: fomu 24, watoto waliofika na kubaki hadi mwisho wa Januari 18. Yaani robo tatu. Robo tatu ya 26 ni 19 na nusu, weka 20. Jumla 60.

Kama huna daftari la mwaka jana, hesabu waliolipa chochote, hata kidogo. Mzazi aliyelipa sare anakuja. Mzazi aliyesema "tutaonana Januari" amekusalimia tu.

Halafu kuna ukomo. Kiwango kinachotumika Tanzania kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa lenye mwalimu mmoja usiliagizie viti 30 kwa sababu tu muuzaji anakupunguzia ukichukua thelathini.

Hatua ya 2: Chora kwa chaki

Nenda darasani baada ya watoto kuondoka, na chaki na futi ya fundi. Chora meza sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Meza ya sentimita 120 kwa 60 inakalisha watoto sita: wawili kila upande mrefu, mmoja kila kichwa. Ukiacha sentimita 60 kila upande kwa ajili ya kiti na mtoto kunyanyuka, meza hiyo inakula zaidi kidogo ya mita 4 za mraba. Chumba cha mita 6 kwa 7 ni mita 42. Meza nne zinachukua kama 17. Zinabaki 25 za kona, rafu, mkeka wa hadithi na njia ya mlango.

Ukichora utaona mapema kile ambacho karatasi haionyeshi: mlango unafungukia ndani, au rafu itakaa chini ya dirisha lenye jua la saa nane.

Hatua ya 3: Pima miguu, kisha andika viti

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mvulie mtoto viatu, mkalishe nyayo zikigusa sakafu, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Urefu wa kiti usizidi hapo. Meza iwe juu ya kiti kwa sentimita 20 hadi 22.

Kipimo cha Ulaya, EN 1729, kinaweka kiti cha sentimita 26 na meza ya 46 kwa mtoto mwenye kimo cha sentimita 93 hadi 116, na kiti cha 31 na meza ya 53 kwa kimo cha 108 hadi 121. Unaona vimo vinapishana. Ndiyo maana umri pekee hautoshi. Fundi wa mtaani ukimtajia sentimita atakutazama tu, mwambie inchi: kiti inchi 10 na inchi 12, meza inchi 18 na inchi 21. Tofauti ni chini ya sentimita moja, mtoto haioni.

Tuseme umepima ukapata hivi. Wadogo 20, wote inchi 10 (wapya hujawapima, lakini wa miaka mitatu karibu wote wanaangukia hapo). Wa kati 20: 14 wa inchi 10, sita wa inchi 12. Wakubwa 20: watano wa inchi 10, 15 wa inchi 12. Jumla viti 39 vya inchi 10 na 21 vya inchi 12.

Ongeza akiba ya kimoja kwa kila kumi. Kwa watoto 60 ni sita, nami huigawa tatu na tatu, ingawa wa inchi 12 ni wachache. Sababu ni kwamba mtoto wa umri huu hurefuka sentimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Anayebadilisha kiti katikati ya mwaka hupanda, hashuki. Unahitaji basi 42 na 24.

Sasa toa ulivyo navyo. Usihesabu kwa macho; kalia kila kimoja, kitikise. Shule yetu ina viti 38. Vya inchi 10 vizima 22, vitatu vinahitaji msumari na gundi: 25. Vya inchi 12 vizima tisa, kimoja cha kurekebisha: 10. Vitatu ni kuni. Kwa hiyo oda ni 42 kutoa 25, yaani 17. Na 24 kutoa 10, yaani 14. Viti 31.

Angefanya mtu hesabu ya harakaharaka, angesema watoto 60, viti vipo 38, agiza 22 vya urefu mmoja. Mwezi wa tatu angekuwa anaazima madawati ya shule ya jirani.

Kuna watakaouliza kwa nini kila mtoto awe na kiti ilhali nusu yao muda mwingi wako chini kwenye kona. Ni swali zuri, na kwa masomo peke yake viti theluthi mbili vingetosha. Uji ndio unaoamua. Saa nne wote wanakaa pamoja, wote wana bakuli la moto mkononi. Kama uji mnanywea mkekani, punguza viti na hela uihamishie kwenye mbao za kujengea.

Hatua ya 4: Meza, na msumeno

Meza usigawanye jumla kwa sita. Viti 39 gawanya kwa sita unapata sita na nusu, unaandika saba, halafu unagundua watoto hao wako vyumba vitatu. Hesabu kwa chumba, fupi ikiwa ya inchi 18 na ndefu ya inchi 21: wadogo 20, meza nne fupi. Wa kati 14, tatu fupi, na sita wao, moja ndefu. Wakubwa watano, moja fupi, na 15, tatu ndefu. Meza nane za inchi 18, nne za inchi 21.

Shule yetu ina meza tisa, zote za inchi 21 (ni zangu hizo, za mwaka ule wa kwanza). Mguu wa meza hauongezeki, lakini unapungua. Nne zinabaki zilivyo, tano zinakatwa inchi tatu, na za kuagiza ni tatu tu. Fundi alikata tano asubuhi moja. Kabla ya kukata, angalia kama kuna ubao wa kuunga miguu kwa chini. Ukiwa karibu mno na sakafu utoe kwanza, la sivyo watoto wataukanyagia.

Magodoro ni haraka: hesabu wanaolala tu, si darasa zima. Wakilala 14, magodoro 14 na shuka 28, moja kitandani, moja kambani.

Hatua ya 5: Vifaa vya kuchezea, kona kwa kona

Kwa darasa la watoto 20, mimi hupanga nafasi 30 za kuchezea. Ukiwa na 20 kamili, mtoto akitaka kuhama lazima amsubiri mwenzake atoke, na mtoto wa miaka mitatu hajui kusubiri. Nafasi hizo zinagawanyika hivi: ujenzi 5, nyumbani 5, vitabu 4, mafumbo na hesabu 6, kuchora 4, mchanga na maji 4, muziki 2. Sasa kila kona inaagizwa kwa namba yake, si kwa 20.

Kona ya ujenzi ndiyo inayodharauliwa zaidi kwenye oda. Nimekaa nikatazama: mtoto wa miaka minne akijenga nyumba yenye uzio anamaliza vipande kama 25 kabla hajaanza kunyang'anya. Watoto watano, vipande 125. Chini ya hapo hununui kifaa, unanunua ugomvi. Habari njema ni kwamba vipande hivi hutokana na mabaki ya mbao ya karakana, maadamu vikatwe kwa vipimo vinavyozaana: kirefu kiwe sawa na vifupi viwili. Vipande vya mwalimu Caroline Pratt wa New York, vinavyotumika hadi leo, vilifuata kanuni hiyohiyo. Mwambie fundi avipige msasa mpaka uvipitishe shavuni. Ukivipaka rangi, uliza kama rangi haina madini ya risasi. Akisitasita, acha mbao zibaki na sura yake.

Kwa wadogo, nunua vitu vinavyofanana. Magari matatu yaleyale ni bora kuliko magari matatu tofauti, kwa sababu hilo moja jekundu ndilo litakalotakiwa na wote. Kwa wakubwa geuza: aina nyingi, idadi ndogo, wao wameshajua zamu. Wafuasi wa Montessori, mfumo wa kufundishia watoto wadogo, huweka kifaa kimoja tu cha kila aina darasani, makusudi, ili mtoto ajifunze kungoja. Inafanya kazi mahali penye mwalimu aliyefunzwa hivyo. Usiige idadi yao bila kuiga malezi yao.

Picha za kuunganisha: kipande kimoja kikipotea, picha nzima imekufa. Siku ileile zinapofika, andika nyuma ya kila kipande alama ya picha yake. Agiza 12, toa nane, nne zikae stoo, badilisha kila baada ya wiki tatu. Theluthi moja ya kila kitu cha kona nakushauri ikae stoo hivyo. Mdoli uliopumzika mwezi mmoja unapokewa kama mgeni wa kutoka ng'ambo.

Kabla ya kuandika chochote cha dukani, jiulize kama mtaa hauna. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa ukaenea Zanzibar na Uganda umejengwa sana juu ya vitu vya karibu: vifuu, makombe ya baharini, vitambaa, magunzi. Kona ya nyumbani yenye sufuria ndogo halisi, kawa, ungo na kanga mbili inachezwa kuliko jiko la plastiki. Tahadhari moja: usalama wa vidogo. Kwa walio chini ya miaka mitatu, kipimo kinachotumika viwandani ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachozama humo chote hakifai. Wewe tumia kiini cha karatasi ya choo, ni kipana zaidi, kwa hiyo ni kikali zaidi. Kifuniko cha soda kinapita. Wape wakubwa wahesabie, kwa wadogo kisionekane, maana miaka mitatu kwenye fomu wakati mwingine ni miwili na nusu.

Nje sitakawia. Bembea na mserereko vinahesabiwa kwa zamu: kama madarasa yanatoka kwa zamu, unahitaji vya watoto 20, si 60. Matairi chakavu hayana mpinzani. Mipira agiza sita, na kila unaovuka ukuta uandike.

Hatua ya 6: Vinavyoisha

Kalamu za rangi, gundi, karatasi. Hapa makisio hayana kazi, andika tarehe juu ya kila pakiti siku unapoifungua na siku inapokwisha. Mwezi mmoja unatosha kukupa jibu. Kwetu pakiti ya kalamu 12 inatosha watoto wanne kwa wiki nne. Watoto 20 ni pakiti tano kila wiki nne, muhula wa wiki 20 ni pakiti 25 kwa darasa. Udongo wa kufinyangia usiagize kabisa: unga wa ngano, chumvi, maji, mafuta kidogo, na rangi ya chakula.

Hatua ya 7: Hesabu siku kurudi nyuma

Shule inafunguliwa Januari. Mafundi wengi wiki ya pili ya Desemba wameshazama kwenye makochi ya sikukuu, ya tatu wamepanda mabasi. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ni tarehe 10 Desemba, viti viwe vimefika. Fundi akisema wiki tatu, andika sita: umeme utakatika, vuli itanyesha na mbao hazitakauka. Unarudi mwishoni mwa Oktoba. Kabla ya hapo wiki mbili za mfano: agiza kiti kimoja cha kila urefu, kiweke darasani, kikaliwe, kiburutwe, kiangushwe. Unafika katikati ya Oktoba, na hapo ndipo unapopima miguu.

Mbao: paini ya Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi, nafuu, mtoto anakibeba kiti chake mwenyewe, ila ni laini, kona zake huchubuka. Mninga hudumu, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kukisogeza kiti cha mninga, na bei yake utaiona. Vyovyote utakavyochagua, ziwe kavu. Ubao mbichi leo ni kiti cha kuyumba mwezi wa pili.

Hela nayo ina kalenda yake. Ada ya Januari haiwezi kumlipa fundi wa Oktoba. Gawa oda kwenye mafungu matatu: visipokuwepo mlango haufunguki (viti, meza, vikombe, mbao za kujengea), vya ndani ya muhula, na vya hela ikipatikana. Fungu la kwanza ndilo unalolitafutia fedha tangu Agosti.

Ukinunua kwa katoni, namba yako itagongana na namba ya katoni. Unahitaji vikombe 66, katoni ina 48. Usichukue mbili kwa unyonge. Tafuta shule nyingine mgawane.

Na hili la kuagiza China, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi. Kwa shule moja ya watoto 60 sioni faida yake. Kontena la futi 20 linapakiwa takriban mita 28 za ujazo. Viti 31 na meza tatu haziijazi hata kona. Samani zilizokamilika kutoka nje zimewekwa tangu Julai 2022 kwenye daraja la ushuru wa asilimia 35 la Afrika Mashariki, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Mkiwa shule nane au kumi, hapo zungumzeni, na jambo la kwanza kuuliza liwe kama meza zinakuja zimefunguliwa vipandevipande. Meza yetu ikiwa imeungwa ina ujazo wa mita 0.38, ikiwa vipande ndani ya boksi la unene wa sentimita 10 ni 0.072. Kontena lilelile, meza mara tano. Na epukeni oda inayoangukia mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari; viwanda hufungwa wiki kadhaa.

Hatua ya 8: Siku mzigo unapofika

Usisaini ukiwa umesimama getini. Hesabu, pima urefu wa kila kiti (viwili vyangu vilifika na inchi 11, vya katikati visivyofaa popote), pitisha kiganja chini ya ubao kutafuta misumari. Andika namba chini ya kila kiti kwa kalamu ya wino mzito, na namba hizo ziingie daftarini na tarehe. Kiti kikivunjika, andika kilivunjika vipi. Baada ya mwaka utajua kama akiba yako ni kimoja kwa kumi au kwa ishirini.

Walimu waulize maswali mawili kila mwisho wa muhula: kipi kinagombaniwa, kipi kina vumbi. Cha kwanza ongeza, cha pili usiagize tena hata kikishuka bei.

Katikati ya Februari hesabu upya, maana wapo wanaokuja wakati masomo yameshakolea. Mwaka huu nilipanga 60, wamefika 63, wote wapya wadogo. Viti vitatu vya akiba vya inchi 10 vimeshaingia kazini, na fundi nimempigia simu jana anitengenezee vitatu vingine kwa mfano uleule, bado ameutundika ukutani.